Wakuu, kama tunaokolewa kwa imani, matendo yana nafasi gani?

Msafiri_Njombe: Habarini wakuu. Nimeokoka. Waefeso 2:8-9 inasema tumeokolewa kwa neema kwa njia ya imani, wala si kwa matendo. Mke wangu, Mkatoliki, anasema nikifanya jambo ninalokusudia nitakuwa nimeikana imani. Nimsikilize? Usingizi sipati.

Binti_Mwanga: Jambo gani? Na mbona uliishia mstari wa 9? Wa 10 unasema tuliumbwa katika Kristo Yesu tutende matendo mema.

Mzee_wa_Kigango: Vijana, ugomvi huo una suluhu. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Wakatoliki na Walutheri walitia saini tamko la pamoja: tunahesabiwa haki kwa neema, si kwa mastahili yetu, na matendo mema ndiyo matunda yake. Wamethodisti wakajiunga 2006. Mama watoto wangu ni Mlutheri. Siku hizi tunabishania kwaya tu.

Konda_Mbagala: Mchepuko huo. Sema tu mkuu.

Msafiri_Njombe: Si mchepuko. Tunaishi na mtoto wa marehemu dada yangu. Nataka arudi kijijini kwa bibi yake. Maisha magumu, na nina wangu watatu. Tiketi nimeshakata. Hata Luther alifundisha imani pekee.

Binti_Mwanga: Kumbe! Luther huyohuyo, kwenye utangulizi wake wa Warumi, aliandika kwamba imani ni kitu hai, hakiachi kutenda mema. Na Yakobo 2:16 inakuhusu, inamsema anayemwambia mhitaji bila kumpa kitu: "Enendeni zenu kwa amani, mkaote moto na kushiba."

Mtaa_wa_Pili: Chai hii. Uzi kama huu ulishapita hapa, mtoto akiwa wa kaka.

Msafiri_Njombe: Si mimi. Bibi ana shamba, mtoto hatalala njaa.

Mzee_wa_Kigango: Iwe chai isiwe chai, watoto wa namna hiyo wapo majumbani mwetu. Bibi ana nguvu?

Msafiri_Njombe: Macho yanamsumbua. Mtoto atamsaidia kuchota maji na kupika.

Binti_Mwanga: Basi hampeleki kulelewa, anakwenda kulea. Ana miaka mingapi?

Msafiri_Njombe: Tisa. Lakini nauli hairudi.

Konda_Mbagala: Nani kakwambia? Gari linaondoka lini? Nipo stendi ya Magufuli kila alfajiri. Njoo na tiketi kabla ya siku ya safari, twende wote dirishani kwao tukaongee.