Ukimtoa Charizard, Pokémon gani wa moto unamkubali zaidi?

mkaa_haujazima
Wakuu habari zenu. Nimeanza upya Pokémon Blue, ile gemu ya zamani ya Game Boy yenye viumbe 151 wa kukamata na kupiganisha, na kama kawaida yangu mkono umeenda wenyewe kwa Charmander, yule wa moto anayekuja kuwa Charmeleon halafu Charizard. Najua, najua. Ukimchukua huyo mpinzani wako anabeba Squirtle wa maji, halafu jimu (ukumbi wa bosi) ya kwanza ni Brock na mawe yake, ya pili ni Misty na maji yake, yaani gemu inakuadhibu kabla hujakaa vizuri kwenye kiti. Jana kwa Brock nimemkwaruza Onix kwa Scratch mpaka nikachoka, namkwaruza mstari wake wa uhai hausogei, namkwaruza tena hausogei, yeye akinibamiza mara moja wangu unaingia kwenye nyekundu na ile sauti ya pi-pi-pi-pi inaanza kunipanda kichwani. Nimepita lakini kwa aibu.

Sasa swali langu. Kwenye zile 151 wa moto ni 12 tu, na watatu kati yao ni ukoo huohuo wa Charmander. Nataka wa moto wa pili kwenye timu. Nyie mnampenda nani na kwa nini? Gemu yoyote mnaweza kutaja hata za baadaye, ila tafadhali msiniambie Charizard, huyo kila mtu anamtaja, hata asiyewahi kushika Game Boy.

bibi_wa_leveli
Kwanza pole, halafu nikucheke kidogo. Scratch kwa Onix?? Onix ana Defense 160, huyo ni ukuta unaotembea, lakini Special yake, ile hesabu ya mashambulizi yasiyo ya mwili kama moto na maji, ni 30 tu. Charmander anapata Ember, shambulio la moto, leveli ya 9, na kwenye gemu hizo za mwanzo Ember inahesabiwa kwa Special, kwa hiyo japo moto kwa jiwe unakatwa nusu bado unamuumiza kuliko kucha zako zote ukizijumlisha. Watu wengi wanaona neno jiwe wanaogopa moto wanarudi kukwaruza.

Kuhusu swali: Arcanine. Sina hata cha kufikiria. Growlithe ni kambwa kadogo kana manyoya kifuani, unakalea vizuri, unakapa Fire Stone, jiwe la kukageuza umbo, kanakuwa lile dubwana lenye milia, Arcanine, ambalo Pokédex yenyewe, kamusi ya viumbe ya ndani ya gemu, inaliita wa hadithi ilhali si wa hadithi. Ana nguvu, ana mbio, haozi upande wowote. Ila usiwe na haraka na jiwe! Growlithe anajifunza Flamethrower, moto mkali kuliko Ember, leveli ya 50, na ukishamgeuza Arcanine hajifunzi kitu tena kwa kupanda leveli, unabaki na Ember yako unawaka kama kijiti. Mimi nilimgeuza leveli ya 25 kwa tamaa ya kuona picha yake, nikaja kuokolewa na TM38, mashine ya kufundisha shambulio la Fire Blast, anayoitoa Blaine, bosi wa jimu ya moto, ukimshinda, yaani karibu na mwisho wa safari kabisa.

mkia_wenye_moto
Samahani mleta mada ila mimi nitamsema tu Charizard, na simsifii, nataka tukumbushane kichekesho. Kwenye Blue na pacha wake Red, Charizard hawezi kufundishwa Fly, yaani kuruka. Ana mabawa, aina yake imeandikwa moto na hewa, picha yake amekunjua mabawa, unampa HM02, mashine ya kufundisha Fly, gemu inakwambia haiwezekani. Wakati huohuo Doduo, ndege mwenye vichwa viwili na bawa hata moja hana, unamfundisha anaruka na wewe mji hadi mji. Walirekebisha kwenye Yellow, toleo lililofuata. Mimi nilikuwa na Red, nilijaribu ile HM mara tatu nikidhani kuna kitufe nakosea.

Na kabla hajaja mtu hapa kuniambia ni dragoni: si dragoni. Amekuja kuwa dragoni kwenye gemu za X na Y, 2013, tena lile umbo lake la Mega X peke yake.

mshumaa_wa_saba
@bibi_wa_leveli ushauri wako mzuri sana ila mwenye swali kasema anacheza BLUE. Growlithe hayupo Blue. Ni wa Red. Unaweza kuzunguka nyasi zote mpaka vidole vife ganzi, hutampata, labda mtu mwenye Red akubadilishie kwa waya. Kinachouma zaidi ni kwamba Blaine anaye, tena ana wawili wa ukoo huo, Growlithe wa 42 na Arcanine wa 47, kwa hiyo mwenye Blue unamuona, unapigwa naye, kuwa naye huwezi.

Blue unapata Vulpix, na mimi nasema hiyo si hasara hata kidogo. Vulpix ndiye kipenzi changu tangu zamani. Flamethrower anaipata leveli ya 35, leveli kumi na tano kabla ya huyo mbwa wenu. Leveli ya 28 anapata Confuse Ray, hiyo ukimpiga nayo adui anaanza kujipiga mwenyewe, ukiona Pokémon wa mtu anajichapa mara tatu mfululizo raha yake haielezeki. Ukishafika 35, au ukivumilia 42 upate na Fire Spin, ndipo unampa jiwe awe Ninetales. Fire Spin kwenye hizi za zamani ni uonevu mtupu, ikimshika adui anakaa hapo zamu mbili hadi tano anaungua tu bila kujibu.

Halafu kuna yale maneno ya Pokédex, kwamba ukimshika Ninetales mkia mmoja anakulaani miaka 1000. Mikia tisa, laana miaka elfu. Nilikuwa mdogo nilipoisoma hiyo na nakumbuka nilimtoa kwenye timu usiku huo nikamuweka kwenye kompyuta, asubuhi nikamrudisha kimyakimya nikitumaini hajakasirika.

bibi_wa_leveli
Aaah kweli kaandika Blue, nimesoma nusu. Nisamehewe. Msimamo wangu kuhusu Arcanine haubadiliki lakini.

Flareon_anaonewa
Jina langu linajieleza hapo juu. Kila mtu anaogopa kumtaja Flareon kwa sababu Eevee, anayeweza kugeuzwa Flareon, Jolteon au Vaporeon, unapewa mmoja tu pale mji wa Celadon na ukimgeuza Flareon watu wanakuangalia kama umechoma pesa. Ni kweli Jolteon anakimbia zaidi na Vaporeon hafi kirahisi, sikatai. Lakini nani mwingine ana manyoya yale shingoni?

Tatizo lake si yeye ni waliomtengeneza. Attack yake ni 130, kubwa mno, ila miaka yote hiyo mashambulizi ya moto yalikuwa yanahesabiwa kwa Special, kwa hiyo 130 yake yote inakaa bure, labda umpe Body Slam, la kugonga kwa mwili. Zikaja gemu za Diamond na Pearl 2006 wakabadilisha, kila shambulio likawa na hesabu yake, la moto nalo likaweza kutumia Attack, sisi wenye Flareon tukasema haya sasa siku yetu imefika… wakampa Fire Fang, kashambulio kadogo. Fire Fang! Flare Blitz, lile zito, tumekuja kulipata X na Y, miaka saba baadaye. Mimi nimezeeka nikimsubiri huyu kiumbe.

konokono_wa_lava
Diamond na Pearl msinikumbushe. Ukitoa ukoo wa Chimchar, wa moto mwingine kwenye Pokédex ya Sinnoh, nchi ya gemu hizo, alikuwa Ponyta na Rapidash basi. Yule Flint wa Elite Four, wale mabosi wanne wa mwishoni, anajiita bingwa wa moto, unafika umejipanga na maji yako yote, anatoa Steelix, nyoka wa chuma. Anatoa Lopunny, sungura. Anatoa Drifblim, ambaye ni puto. Wa moto kwenye timu yake walikuwa wawili, wengine wote alikuwa anajazia nafasi. Sijawahi kumhurumia bosi wa gemu kama siku ile.

Kipenzi changu ni Magcargo, konokono wa lava, na sitaki ushauri. Pokédex inasema mwili wake unafika kama nyuzi 10,000 za selsiasi, jua lenyewe usoni ni kama 5,500. Yaani hilo konokono linatambaa hapo likiwa na joto kuliko jua na bado ukilimwagia Water Gun mara moja limekwisha, kwa sababu ni moto na jiwe kwa pamoja, maji yanampiga mara nne. Nalipenda hivyohivyo.

mkaa_haujazima
Jamani mmenichekesha mno. @Flareon_anaonewa nimekuelewa ila Eevee wangu namtaka Jolteon, usinichukie.

Nimewasikiliza, nimefika Route 7 nikaanza kuzunguka kwenye nyasi. Pidgey, Pidgey, Meowth, Pidgey, Bellsprout, tena Pidgey. Nikasema nikikutana na Pidgey mwingine nazima. Akatokea Vulpix wa leveli 18, nikachanganyikiwa kwa furaha nikampiga Ember, Ember ya Charmeleon kwa Vulpix, moto kwa moto, nikitegemea haitamuumiza sana. Kweli haikumuumiza, ila nayo ikamuachia kidonda cha kutosha kwamba ningerudia tena angelala. Nikaanza kurusha mipira. Wa kwanza ukatikisika mara moja akatoka. Wa pili hata kutikisika haukutikisika. Wa tatu mara mbili, nikashikilia kitufe cha B kwa nguvu zote kama mtoto, ijapokuwa najua haisaidii, akatoka. Wa nne ndio wa mwisho niliokuwa nao mfukoni. Mara moja… mara mbili… mara tatu… kimya.

Nimemuita KIBIRITI. Yuko leveli ya 19 sasa, na Fire Stone nimeshainunua pale dukani Celadon, 2100, imekaa kwenye begi inaniangalia.

bibi_wa_leveli
USIIGUSE HIYO JIWE MPAKA 35.

mshumaa_wa_saba
42!!

mkaa_haujazima
Picha ya Ninetales lakini jamani. Niione mara moja tu halafu nizime bila kusevu, si inaruhusiwa?