Tupeane uzoefu: Uliumia mguu kipindi cha korona, ulifanyaje?

#1
Wakuu, habari zenu. WHO ilipotangaza korona kuwa janga la dunia, Machi 11, 2020, watu walikimbia vyumba vya dharura. Marekani, kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Aprili, waliokwenda dharura walipungua kwa asilimia 42 ukilinganisha na kipindi kama hicho 2019. Sawa, viwanja vilifungwa na magari yakapungua barabarani, ila vifundo viliendelea kuteguka. Mliobaki nyumbani na mguu umevimba mlipitia nini? Mwageni visa hapa.

#2
Mimi ni nesi, nilikuwa zamu za dharura. Wale vijana wanaoletwa begabega kutoka mpirani walikatika kabisa. Wakaja wa nyumbani: huyu kateleza ngazini, yule yuko peku kajigonga kidole cha mwisho kwenye tendegu la kitanda. Walioniumiza roho ni waliochelewa. Mama mmoja alikuja wiki ya tatu, kifundo kimepindia nje, ngozi inang'aa kwa uvimbe. Alikuwa anaogopa kuambukizwa. Mfupa ukishaanza kuunga vibaya, kuurudisha mahali pake ni shughuli pevu.

#3
Pole na kazi, nesi. Mimi niliteguka nikiruka kamba sebuleni, daktari akanihudumia kwa simu ya video. Aliniambia niminye ukingo wa nyuma wa mfupa wa kifundo, nje na ndani, kuanzia ncha yake kupanda juu sentimita 6. Kisha mfupa uliojitokeza katikati ya ukingo wa nje wa unyayo, na ule wa upande wa ndani, mbele ya kifundo. Halafu nitembee hatua 4. Nilichechemea lakini nikazimaliza, na mifupa haikuuma, akasema eksirei haina haja. Hizo ni kanuni za Ottawa, Kanada, madaktari wanazitumia tangu miaka ya 1990. Ukishindwa hatua 4, au mfupa ukiuma ukiminywa, nenda hospitali, janga liwepo lisiwepo.

#4
Mkuu #3, kipimo hicho kisitumike kwa mwenye kisukari. Baba yangu ana ganzi miguuni miaka mingi. Kliniki yake ya miguu ilisimamishwa, naye akaumia kidole bila kujua. Tulishtuka soksi ilipogoma kuvuka, imegandia kwenye kidonda. Ungemminya, angekwambia yuko salama! Kidole kilikatwa.

#2
Pole sana #4, na umesema kweli. Mguu wenye ganzi usipimwe kwa maumivu. Tazama rangi, nusa, gusa ulinganishe joto la miguu yote miwili. Mguu wa mgonjwa wa kisukari ukivimba na kuwa wa moto bila kuuma, mifupa inaweza kuwa inavunjikavunjika ndani kwa ndani huku anaukanyagia. Huyo asisubiri kesho. Mzee anaendeleaje sasa, na kliniki amerudi?