Tangi la goldifishi lenye mimea hai hapa Dodoma: nianzie wapi?

Nzuguni_Mgeni

Wakuu salaam. Nataka kuweka tangi la goldifishi sebuleni, na mimea iwe hai, siyo ya plastiki. Nipo Nzuguni, nyumba ya chini, sakafu ya vigae. Tangi nimewaza urefu sm 100, upana 40, kimo 50, atengeneze fundi aluminiamu wa mtaani. Samaki nataka wale wanene wenye mikia miwili, wanne au watano, wanauzwa wakiwa na sm 5 hivi. Maji ni ya bomba yanayopita kwenye simtanki juu ya paa. Yakikatika tunanunua ya kisima kwa boza.

Naomba kujua: kioo cha unene gani, haya maji yetu ya chumvichumvi yanafaa, na mimea ipi haitaliwa ikaisha wiki ya kwanza. Pia muuzaji kaniambia nikijaza maji leo, kesho naweka samaki. Ni kweli?

---

Kipimo_Miyuji

Karibu mkuu. Naanza na la mwisho kwa sababu ndilo linaloua samaki. Siyo kweli. Saa 24 zinasaidia klorini itoke tu. Tangi bado halina bakteria wa kushughulikia kinyesi.

Samaki hutoa amonia kwa matamvua na kwa kinyesi. Kundi moja la bakteria linaigeuza kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, kundi la pili linaigeuza kuwa naitreti, ambayo mimea inaitumia na nyingine unaitoa kwa kubadilisha maji. Bakteria hao wanajijenga kwenye sponji ya filta na kwenye mchanga, na inachukua wiki 4 hadi 6 kwa maji ya nyuzi 25. Ukianza Juni au Julai, baridi ya usiku inawachelewesha zaidi.

Kwa Dodoma jambo hili lina uzito wa pekee. Maji yetu mengi ya bomba yanatoka visima vya Mzakwe kule Makutupora, ni maji ya ardhini, magumu, ndiyo maana birika linaota ule utando mweupe. Goldifishi hawana shida na ugumu, tena wanaupenda kuliko maji laini. Shida ni kwamba amonia ina sura mbili, na pH, yaani kipimo cha uasidi au ualikali wa maji, ndiyo inaamua ipi iwe nyingi. Kwa nyuzi 25, maji yakiwa pH 7, ni kama asilimia 0.6 tu ya amonia iliyo katika hali ya sumu. Yakiwa pH 8, inavuka asilimia 5. Kipimo kilekile cha amonia kinakuwa na ukali karibu mara kumi. Kwa hiyo mtu wa sehemu yenye maji laini akikwambia "mimi niliweka samaki siku ya pili wakaishi", anaweza kuwa mkweli na ushauri wake usikufae hata kidogo.

Fanya hivi. Jaza maji, washa filta, panda mimea, usiweke samaki. Chukua dagaa wakavu watatu au wanne wasio na chumvi, wafunge kwenye kipande cha soksi ya nailoni, ning'iniza ndani waoze. Harufu itakuwepo, vumilia. Pima amonia kila baada ya siku mbili au tatu. Ikizidi 4 mg kwa lita, toa dagaa mmoja. Itapanda, kisha naitraiti itapanda, kisha zote zitashuka. Amonia na naitraiti zikisoma sifuri kwa siku kadhaa mfululizo huku dagaa bado wapo, toa soksi, badilisha nusu ya maji, ndipo uingize samaki. Kama unamjua mtu mwenye tangi zima lisilo na ugonjwa, omba sponji yake iliyotumika. Isafirishe ikiwa mbichi, usiioshe, itakupunguzia wiki kadhaa.

Vipimo nunua vya matone. Vile vya karatasi vingi havina amonia kabisa, na ndicho unachokihitaji kuliko vyote. Kama hapa havipo, agiza Dar kabla hujamlipa fundi wa kioo.

Idadi: tangi lako likijaa hadi sm 45, ukitoa kioo, mchanga na mawe, linabaki na kama lita 150 za maji. Hapo ni samaki wawili, wakizidi sana watatu. Hao wa sm 5 ni watoto, wanene hao hufika sm 15 na kuendelea. Wale wembamba wenye mkia mmoja usiwaguse, wanaweza kufika sm 30, hao ni wa bwawa la uani.

---

Kioo_na_Silikoni

Kioo cha mm 10 kwa kimo cha 50. Mm 8 kinashika ukiweka mikanda ya kioo ya sm 5 juu kuzunguka, lakini tofauti ya bei haistahili kukunyima usingizi. Kwa mm 10, kioo pekee ni kama kilo 45. Jumlisha maji, mchanga na mawe, unakaribia kilo 230, na stendi bado. Kwa hiyo meza ya TV sahau. Stendi iwe ya chuma cha mraba, ichomelewe na ibebe kingo zote nne za tangi, siyo pembe tu.

Silikoni ndiyo mafundi wengi wanakosea. Soma bomba lake. Ile ya bafuni na jikoni ina dawa ya kuzuia kuvu, na dawa hiyo inaua samaki. Tafuta ya kioo, isiyo na nyongeza, inayotoa harufu ya siki ikiwa mbichi. Ikishapakwa iache siku 7. Kisha jaza maji tangi likiwa nje, mahali palipo sawa, likae siku mbili. Pitisha kipande cha tishu kavu kwenye kona zote; kikilowa, rudi kwa fundi.

Ndani ya nyumba tumia pimamaji pande zote mbili. Chini ya tangi weka fomu nyeupe ya sm 2, ile inayokuja na katoni za TV, imeze chembe za mchanga. Chembe moja ngumu chini ya kioo inatosha kukipasua baada ya miezi.

---

Anubias_Ilazo

Mimea sasa. Goldifishi anakula jani lolote laini, na asiloweza kulila analing'oa akichimba mchanga. Chagua mimea kwa kuangalia mambo hayo mawili, usiangalie picha.

*Anubias* ni wa kwanza. Asili yake Afrika Magharibi na Kati, jani lake gumu na chungu, samaki akijaribu anaacha. Anakua taratibu mno, jani moja kwa wiki tatu ni mwendo mzuri. Lile shina nene linalotambaa lisizikwe, likifunikwa mchanga linaoza na mmea wote unakwenda. Lifunge kwenye jiwe kwa uzi mweusi wa pamba, au weka tone la supaglu nzito: kausha jiwe, bana shina kwa sekunde 30, tumbukiza majini. Kangaga la Java linafungwa hivyohivyo.

Mawe usinunue. Dodoma tumezungukwa na itale, na itale haibadilishi chochote majini. Okota yasiyo na ncha kali, sugua kwa brashi bila sabuni, mwagia maji ya moto.

*Vallisneria*, ile yenye majani marefu kama utepe, ndiyo ningeipa nafasi kubwa kwa maji yetu. Hukua yenyewe Ziwa Tanganyika, ambako pH inakaribia 9, kwa hiyo maji magumu kwake ni nyumbani. Ukiihamisha, majani yake yataoza wiki mbili za kwanza. Usiing'oe! Mizizi ikiwa myeupe ipo hai, itatoa majani mapya kutoka katikati. Baadaye utaona ukoko mweupe juu ya majani. Siyo ugonjwa: mmea ukikosa kaboni dioksidi unaipata kwenye bikaboneti ya maji, na chokaa inabaki juu ya jani. Panda kwenye vyungu vidogo au makopo ya mtindi, funika juu kwa mawe ya ukubwa wa yai, samaki asifikie mizizi.

Ya tatu ni *Ceratophyllum*, ile isiyo na mizizi inayoelea. Wataila, ndiyo, lakini inakua haraka kuliko wanavyokula, na inanyonya amonia moja kwa moja. Ukiona inapukutisha sindano zake zote ndani ya siku tatu, imeshtushwa na maji mapya. Zichote kabla hazijaziba sponji.

Mchanga wa korongo unafaa, unene sm 3, kama kilo 18 kwa tangi lako. Osha hadi maji yatoke meupe, na hapo utachoka. Kokoto za mm 5 hadi 10 epuka, zinakwama mdomoni mwa goldifishi. Taa ya LED ya wati 20 hadi 30, saa 6 kwa siku mwezi wa kwanza, kisha 8. Tangi lisipigwe na jua la dirishani, la sivyo ndani ya wiki mbili unafuga mwani.

Na walishe majani kabla hawajajilisha wenyewe: mchicha uliochovywa maji ya moto dakika moja, au njegere iliyochemshwa na kumenywa. Chakula kikavu mara mbili kwa siku, kiasi kinachoisha kwa dakika mbili. Hawa samaki hawana tumbo la kuhifadhi chakula. Kinachozidi kinapita na kuwa amonia. Mkate na ugali, hapana.

---

Nzuguni_Mgeni

Asanteni sana, nimeelewa. Wawili basi, siyo watano. Nina mengine matatu. Kuna mtu kaniambia chini ya mchanga niweke udongo wa kichuguu uliochanganywa na samadi kidogo, mimea inakua kama shambani. Umeme ukikatika usiku mzima je? Na joto la Oktoba na Novemba, samaki si wa maji baridi hawa?

---

Mkulima_wa_Majini

Samadi mimi naiunga mkono ikiwa imeoza vizuri, konzi moja kwa chungu, udongo wa kichuguu juu, mchanga wa kufunika. Vallisneria inakwenda vizuri.

---

Kipimo_Miyuji

Mkulima, kwa tangi la kambale sawa. Kwa goldifishi nakataa. Huyu samaki anachimba siku nzima, na siku atakapofika kwenye samadi ile, amonia itapanda kwa saa chache kwenye maji ya pH 8. Kichuguu bila samadi, ndani ya chungu, kikafunikwa mchanga sm 2 na mawe, hicho nakubali. Urea, CAN na NPK za dukani zisikaribie tangi. Kinyesi chenyewe ni mbolea ya kutosha kwa mimea mitatu hiyo.

Umeme. Tumia filta za sponji mbili zinazoendeshwa na pampu ya hewa, siyo ya kopo lililofungwa. Kopo likizimika saa kadhaa, bakteria ndani wanakosa hewa na kufa, umeme ukirudi linamwaga uozo wote tangini. Sponji iko wazi majini, inavumilia. Pampu ikae juu ya usawa wa maji, au weka vali ya njia moja kwenye mpira. Ikikaa chini bila vali, umeme ukikatika maji yanarudi kwa mpira, yanaingia kwenye pampu, kisha yanashuka hadi soketi. Nunua na pampu ndogo ya betri. Usiku wa kukatika umeme usiwalishe.

Joto: wanapenda nyuzi 18 hadi 24. Ya 28 wataivumilia kama hewa ipo, na hewa ndiyo tatizo. Maji ya joto hubeba oksijeni kidogo, na sisi tupo kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo inapungua tena kwa zaidi kidogo ya sehemu moja ya kumi. Ukiwaona juu wanapumua kwa mdomo saa kumi na moja alfajiri, ni hilo: mimea nayo usiku inatumia oksijeni, haitoi. Ongeza mapovu, fungua kifuniko, elekeza feni kwenye uso wa maji. Hewa yetu kavu inapoza vizuri, nyuzi 2 hadi 3.

Lakini feni inakausha maji, na hapa kuna mtego. Maji yanayopaa yanaacha chumvi nyuma. Ukijazia tu kila siku bila kutoa, baada ya miezi maji ya tangi ni mazito kuliko ya bomba, na mimea inaanza kufa bila wewe kujua kwa nini. Kila wiki toa lita 60 kwa mpira, ukinyonya uchafu juu ya mchanga, ndipo ujaze. Weka mapipa mawili ya plastiki ya lita 60 kwa kazi hii tu, yasiwahi kuona sabuni. Moja liwe limejaa tayari, limekaa siku mbili bila kifuniko na jiwe la hewa ndani. La pili akiba ya siku za mgao. Usichote kwenye simtanki saa nane mchana, maji yanatoka ya moto. Chota alfajiri. Maji ya boza yapime naitreti kwanza, maana visima vifupi karibu na vyoo vya shimo vinaweza kuwa nayo nyingi kuliko ya tangi unalosafisha. Sponji ikamulie kwenye maji uliyoyatoa, kamwe siyo bombani. Maji hayo machafu mwagia mchicha au mzabibu.

---

Anubias_Ilazo

La nyongeza moja. Mimea ikikosekana dukani, watu wanakwenda kuchota Ceratophyllum bwawani, iwe Hombolo au lambo la kijijini. Inawezekana, ila humo wanaishi konokono wanaobeba kichocho, na konokono mmoja mwenye maambukizi anaweza kuendelea kutoa vijidudu tangini kwako kwa wiki nyingi, halafu unatia mkono kusafisha. Vaa glavu ndefu za mpira na buti unapochota. Suuza, kisha loweka mimea siku nzima kwenye maji ya shabu, kijiko kimoja cha chakula cha unga wake kwa lita 4. Suuza tena, weka kwenye ndoo ya pekee wiki tatu, kwa sababu shabu inaua konokono lakini mayai mengine yanapona. Kagua chini ya majani kila siku chache. Ukiona konokono mdogo, rudia kuloweka na uanze kuhesabu wiki upya. Na goldifishi aliyekuchosha usimpeleke bwawani, anazaana na kuchafua maji ya samaki wetu, mpe mwenye tangi. Maji ya shabu mwaga kwenye ardhi kavu, siyo kwenye mtaro unaoelekea bwawani.