Je, kukamatwa kulimjenga Nay wa Mitego?

Swali: Ndugu zangu, kila anapotajwa Nay wa Mitego, rapa wa Tanzania, mazungumzo huishia polisi na Basata (Baraza la Sanaa la Taifa) badala ya muziki. Je, misukosuko hiyo ilimharibia kazi au ilimkuza?

Jibu: Mkuu, tutazame Machi 2017. Alikamatwa mkoani Morogoro kwa sababu ya wimbo "Wapo", uliodaiwa kuikashifu serikali, na Basata ikaupiga marufuku, lakini Waziri Mwakyembe akatangaza kwamba Rais Magufuli ameupenda, ameagiza msanii aachiwe na wimbo upigwe, tena akashauri wakwepa kodi nao waongezwe kati ya wanaosemwa ndani ya wimbo. Hata wasiosikiliza rap waliutafuta.

Jibu: Nakubali kiasi. Hata hivyo, mwaka 2016 Basata ilikuwa imeshamfungia kwa wimbo mwingine, na kufungiwa kunamnyima msanii maonyesho, ambayo ndiyo riziki yake. Tena tusichanganye mambo: kukamatwa si kutiwa hatiani. Kinachonisumbua ni kwamba aliokolewa na hisani ya kiongozi, wala si na uamuzi wa mahakama, kwa hiyo msanii aliyefuata hakubaki na kinga yoyote ya kisheria.

Muulizaji: Hilo la hisani sikuwa nimelifikiria. Ahsanteni.