"MAMA, KWANI GARI LILIKUWA JIPYA?" Watu wa bima na gereji yao wamenitukana leo

Mama Pacha:
Wakuu, naandika nikiwa ndani ya taksi, mikono inatetemeka, herufi zikikosewa mnivumilie. Watu wa bima hawa mnawajua. Simtaji mtu. Wale wenye ofisi ya vioo na kiyoyozi cha kugandisha ng'ombe mzima. Mwezi wa kulipia ukikaribia wanakupigia simu mpaka msikitini, mpaka kanisani. Ukigongwa, simu yao haipatikani mpaka kiama. Hao hao.

Ile taksi iliyonibamiza kwa nyuma pale Banda, hapa Kampala, niliwasimulia humu. Foleni imesimama kabisa, yeye akaja mzima mzima. Buti likaingia ndani, bampa chini, taa ya kulia ikawa unga. Bima yangu ni kubwa, komprihensivu, si kile kistika cha bima ya lazima cha kubandika kiooni. Nimelipa kila kitu, na VAT ya asilimia 18 juu yake, na ushuru wa stempu. Wakataka ripoti ya polisi, nikaleta. Wakataka ukaguzi wa IOV, yule mkaguzi wa magari wa polisi, nikaleta. Fundi wangu akaandika makadirio, wakayakataa: gari liende gereji yao. Nikalipa na eksesi, ile sehemu ya gharama anayobeba mwenye gari. Nikanyamaza.

Leo naitwa, gari tayari. Nafika kiza kinaingia, wameliegesha makusudi, buti limetazama ukuta. Mtoto wa watu ananisukumia karatasi: saini hapa kwamba umeridhika, ndipo upewe funguo. Nikamwambia nitaridhika vipi na kitu sijakiona? Nikawasha tochi ya simu.

Gari langu ni jeupe la lulu, lile linalometameta juani. Buti wamelipaka chokaa ya shule ya msingi. Taa ya kulia ni kuukuu, ina ufa, na ndani ina maji. Maji kabisa, unaweza kufuga mukene, wale dagaa wetu, humo. Bampa limefungwa na waya. WAYA! Nikamgeukia yule bwana wa bima aliyekuja na tai yake kukabidhi gari: hiki ni nini? Akanitazama, akatabasamu, akasema mbele ya mafundi wote na askari wa getini:

"Mama, kwani gari lilikuwa jipya?"

Askari alicheka mpaka rungu likamponyoka.

Kwani gari lilikuwa jipya! Siku ya kuchukua pesa yangu walilizunguka na kamera, wakalisifu, thamani yake wakaiandika wenyewe kwa kalamu yao. Siku ya kulitengeneza limegeuka chuma chakavu. Sijasaini. Gari nimewaachia. Lakini lile tabasamu, wakuu. Kwani lilikuwa jipya! Mtu mzima, ana mama yake nyumbani, anamwambia hivyo mama wa watu!

Kaka wa Bweyogerere:
Mama Pacha, pole. Ila swali umeulizwa na hujalijibu. Lilikuwa jipya?

Mama Pacha:
Ni Toyota Premio ya 2007 na nilikuwa nalitunza kuliko wewe unavyojitunza. Toka kwenye uzi wangu.

Ssebo Mpole:
Hahaha mukene kwenye taa! Mama, usilirudishe hilo gari, lipeleke soko la samaki Ggaba.

Afande Mstaafu:
Dada yangu, umefanya vyema kutosaini. Ile karatasi ukishaisaini, wao wamemaliza kazi. Piga picha mchana, andika barua kwao, wasipokujibu ipeleke kwa mdhibiti wa bima, IRA, wana kitengo cha malalamiko. Na wanaotaka kuuliza kwa nini hakumdai mwenye taksi: sheria ya stika ni ya 1989, inahusu kifo na majeraha ya mwili tu. Bampa halina damu, kwa stika halipati kitu.

Kaka wa Bweyogerere:
Afande, kumbe ile stika tunalipia ili tufe vizuri?

Fundi Bodi Katwe:
Naomba niwatetee mafundi kidogo. Rangi ya lulu si rangi moja. Unapiga ya chini, unapiga ya lulu juu yake, kisha unapiga vanishi. Mara nyingine lazima uingie mpaka kwenye mabawa ya pembeni ili rangi zishikane, la sivyo buti litaonekana limeazimwa. Kazi yake ni ghali. Asesa, yule mkadiriaji hasara wa bima, anakuja, anakata makadirio yako nusu, na hiyo nusu unaisubiri mpaka mtoto anafukuzwa shule. Fundi afanye nini? Anapiga nyeupe ya kawaida.

Mama Pacha:
Na waya, fundi? Waya nao ulikatwa nusu na asesa?

Fundi Bodi Katwe:
Waya hapana. Waya ni dhambi.

Nyabo wa Jinja:
Fundi usijitetee hapa. Wa kwangu nilimwachia gari abadilishe brekipedi. Jumamosi nafungua WhatsApp, naliona gari langu limefungwa riboni, liko Masaka kwenye kwanjula, sherehe ya kujitambulisha ukweni! Yeye amevaa kanzu, ameegemea boneti, anatabasamu. Nikampigia, akasema alikuwa anajaribu breki.

Ssebo Mpole:
Breki zilishika lakini?

Nyabo wa Jinja:
Zilishika mpaka akapewa mke. Brekipedi zenyewe hakubadilisha.

Kijana wa Malaba:
Mnalalamikia bima na fundi, mimi nasema adui ni mashimo. Aprili 2023 tulijaza mtandao mzima picha za mashimo ya Kampala, yale maonyesho ya mchora katuni Jimmy Spire Ssentongo, mkacheka mkasahau. Mwezi huu nimebadilisha boljointi na bushi, na fundi ananiambia nirudi tena.

Kaka wa Bweyogerere:
Wewe una Toyota Wish, kaka. Wish na barabara zetu wapi na wapi.

Kijana wa Malaba:
Wish haina shida yoyote! Tatizo ni nyinyi wa Toyota Spacio mnaojiona.

Mama Pacha:
Jamani, uzi ni wa taa yangu! Mtu ananiambia kwani gari lilikuwa jipya, nyinyi mnabishana Wish na Spacio!

Nyabo wa Jinja:
Pole bambi. Lakini Spacio inakula mafuta kidogo, huo ni ukweli.

Ssebo Mpole:
Kidogo ukiiteremsha mlima. Panda nayo Muyenga ukiwa na watu watano halafu uje unieleze.

Fundi Bodi Katwe:
Boljointi za Wish usinunue zile za bei ya chini, zinakufa kabla ya mvua. Tafuta yuzdi, iliyokwishatumika, ya Japani pale soko la spea la Kisekka, itikise kwa mkono kabla ya kulipa.

Kijana wa Malaba:
Fundi, njoo inboksi. Na shokapu za mbele unazo?