Naomba ushauri: bonanza la softiboli la kumuenzi kocha wetu marehemu

Habari zenu wadau. Tunaandaa bonanza la siku moja la softiboli (mchezo unaofanana na besiboli) hapa Dar kumkumbuka kocha wetu wa mtaani. Timu 6, uwanja mmoja. Kila timu ikutane na kila timu ni mechi 15, giza litatukuta. Tumegawa makundi mawili ya timu tatu: mechi 6 na fainali, dakika 70 kila moja.

Tatizo ni kibao cha mrushaji, kile anachokanyaga anapomrushia mpigaji mpira. Beisi (vituo vya kukimbilia) hazisumbui, kutoka moja hadi nyingine ni mita 18.29 kwa wote, ila kibao kutoka beisi ya nyumbani anaposimama mpigaji ni mita 13.11 kwa wanawake na 14.02 kwa wanaume. Kukichomoa na kushindilia udongo upya kunakula muda. Tulijaribu kuchimbia viwili. Warushaji wa kiume wakatua mguu juu ya kile cha mbele na kuteleza. Hatari kweli.

Jingine, familia ya marehemu imetukabidhi glovu yake ya ngozi tuitundike siku hiyo. Kamba zina ukungu mweupe (joto la Dar mnalijua). Tumeifuta kwa kitambaa kikavu na kuianika kivulini, ukungu ukarudi.

Je, tupange mechi zote za wanawake asubuhi ili kibao kihamishwe mara moja tu, au kuna mbinu nyingine? Na ngozi hiyo tuipake nini bila kuiharibu?