Betri ya BMW F30: kuweka tu, au lazima iingizwe kwa kompyuta?

Lanet_320i
Hamjambo wadau. Nina BMW 320i ya 2014 (toleo la F30), niko Nakuru. Wiki hii gari limekataa kuwaka asubuhi mara mbili, jirani akanijampia. Betri iliyomo ni AGM (iliyofungwa, asidi yake imenyonywa ndani ya mikeka ya nyuzi za kioo) ya 90 Ah, yaani ampea-saa, kipimo cha ukubwa wake, na haishiki chaji tena. Mjini nimepewa majibu matatu. Duka la kwanza linataka kuniwekea betri ya kawaida ya maji, niondoke. La pili lina AGM ya ukubwa uleule, bei karibu mara mbili, ila halina mashine. Fundi wa tatu anasema bila kodingi (kubadilisha mipangilio ya betri kwenye kompyuta ya gari) gari halitawaka kabisa, na kodingi peke yake anaitoza karibu bei ya betri nyingine. Nimsikilize nani?

Fielder_Kakamega
Mkuu, Toyota Fielder yangu nimeibadilishia betri mara mbili kwa spana namba kumi tu. Kilichonisumbua ni redio kujifunga na kuomba kodi ya ERC (namba ya siri ya kuifungua), halafu kioo cha dereva kikaacha kupanda chenyewe mpaka nilipokifunga chote na kushikilia swichi kidogo. Betri ni betri. Chukua ya bei nafuu.

Umeme_Kondele
Ndugu wa Kakamega, kwa Fielder uko sawa. Lakini kodi ya redio si kodingi ya betri, na hapo ndipo wateja wengi huchanganywa.

Lanet, fungua buti uangalie taminali ya hasi. Utaona sensa ndogo imeshikana nayo. Inapima umeme unaoingia na kutoka, volti na joto, na kompyuta inatumia vipimo hivyo kujua betri imechoka kiasi gani, kisha inaiagiza altaneta ichaji kulingana na uzee huo. Ukiweka mpya kimyakimya, gari linaendelea kuilisha kama ile kuukuu. Litawaka, kwa hiyo huyo fundi wa tatu amekutisha bure. Hasara huja polepole: betri inachajiwa isivyofaa, injini inaacha kujizima yenyewe kwenye foleni ili kuokoa mafuta, na pesa zako zinaisha mapema. Nimeshapokea hapa Kisumu betri nzuri zilizouawa hivyo, na inaniuma.

Sasa shika tofauti hii. Kusajili ni kuliambia gari kwamba betri ni mpya. Kodingi ni kuliambia kwamba aina au ukubwa umebadilika, mathalani AGM kuwa ya maji, au 90 Ah kuwa 80. Ukirudisha AGM ya 90, kusajili kunatosha. Kwa hiyo ile ya bei nafuu ndiyo inayodai kazi zaidi ya kompyuta! Usajili unafanyika kwa simu, programu ya BimmerLink na kifaa cha OBD (kinachochomekwa kwenye soketi ya kupimia gari) kinachokubaliana nayo, dakika chache.

Jambo jingine: betri yako inakaa ndani ya gari, si mbele kwenye injini. Ina mpira mwembamba wa kutoa gesi nje. Mwambie fundi aurudishe mbele ya macho yako. Na asiipige nyundo wala kuipinda ile sensa.

Mama_Demio58
Msidhani ni za Wajerumani tu. Mazda Demio yangu ya i-stop (injini hujizima yenyewe gari likisimama) niliwekewa betri ndogo ya kawaida badala ya Q-85, aina ya betri ya magari hayo, haikumaliza mwaka. Ya pili nikaweka Q-85 yenyewe, fundi akaseti upya mfumo wa i-stop, na mpaka leo inajizima na kuwaka vizuri kwenye taa.

Golf_Bungoma
Golf 7 hapa. Tulitumia VCDS (programu ya kompyuta ya kupimia magari ya Volkswagen), tukaingia moduli 19, tukaandika ukubwa, kampuni na namba ya betri. Kazi ndogo ukipata mwenye mashine.

Fielder_Kakamega
Nafuta neno langu. Nilisema kutokana na gari langu.

Lanet_320i
Umeme, asante sana. Wakati wa kusajili, injini iwe inanguruma?

Umeme_Kondele
Hapana. Washa umeme wa gari bila injini, zima taa na redio, na ukiwa na chaja iunganishe ili volti zisishuke katikati ya kazi. Ukimaliza liache gari likiwa limefungwa usiku mzima, asubuhi pima kabla hujawasha. AGM iliyojaa inasoma karibu volti 12.8.

Lanet_320i
Nimerudi. Nilichukua AGM ya 90, mpira wa gesi umerudi mahali pake, nimesajili mwenyewe kwa simu. Taa ya usukani iliwaka, nikazungusha usukani kulia mpaka mwisho na kushoto mpaka mwisho, ikazima. Leo asubuhi mita imesoma 12.7 na gari limewaka mara moja. Betri kuukuu dukani waliipokea wakanipunguzia bei. Mama Demio, huyo fundi wako yuko upande gani wa Section 58 hapa Nakuru? Shemeji yangu ana Mazda Axela inayosumbua vilevile.